Kikwembe Nyuma ya Honduras

Mwaka 2017 mwalimu wa jiografia alitupitishia kofia yenye vikaratasi, kila mtu aokote nchi, akashone au kuchora bendera yake na kuja kuieleza mbele ya darasa. Niliokota Honduras. Nilishukuru kimoyomoyo, maana niliogopa kuokota Congo.

Darasani walidhani mimi ni mwenyeji, natoka mkoa wa Limpopo. Sikuwahi kusema hivyo, ila nilikuwa mkimya, na Kizulu changu kilikuwa cha kusitasita, wakaamua wenyewe. Niliwaacha. Miaka miwili nyuma tulikuwa tumejifungia chumbani kwetu mtaa wa La Rochelle, pazia limeshushwa, huku maduka ya wageni yakivunjwa. Tangu hapo nilikuwa nikisikia mtu anakimbia barabarani, nashusha pazia.

Mama ni fundi cherehani. Alipata bluu kwenye mabaki ya sare za shule, na nyeupe kwenye shuka. Mimi nilisimama nyuma yake nikimsomea: mistari miwili ya bluu ni bahari mbili, Pasifiki na Karibi, na nyeupe katikati ni amani.

"Na hizi nyota tano?"

"Ni nchi tano. Zamani zilikuwa nchi moja, zikaachana. Wanatumaini zitaungana tena."

Mama alicheka puani. "Bon. Watangoja."

Asubuhi nikakuta ameiwekea bitana ya kikwembe, kitenge chake cha kuku wa njano na mayai.

"Mama, bendera haina kuku."

"Shuka inaonyesha mishono yote, mwanangu. Mimi siwezi kutoa kazi ya uchi. Shika tu mbele, nani ataangalia nyuma?"

Nilitembea hadi shuleni nikiwa nimeikumbatia. Zamu yangu ilipofika niliibana kifuani, nikaeleza bahari, nikaeleza amani, haraka haraka.

"Inua juu," mwalimu akasema. "Wa nyuma hawaoni."

Nikainua. Pembe ya chini ikajikunja, kuku wawili wakatokea.

"Kuku wa Honduras hao?" mvulana mmoja akauliza. Darasa zima likacheka. Mwingine akasema, "Si wa Honduras. Nguo hizo wanavaa wale wamama wageni sokoni."

Kicheko kikapungua, wakawa wananitazama. Niliangalia mlango. Ulikuwa wazi, ningeweza kutoka.

"Ni kuku wa mama yangu," nikasema. "Anatoka Uvira, Congo. Na mimi pia."

Mwalimu akakohoa. "Na nyota?"

Nikaeleza nyota, lakini sikumbuki nilisema nini.

Kengele ilipolia, msichana niliyekaa naye dawati moja alinifuata ubaoni.

"Kumbe si Limpopo."

"Si Limpopo."

"Eish. Mimi ndiye wa Limpopo. Kila nikikuuliza kijiji chenu unaomba kwenda chooni. Nilidhani una ugonjwa."

Akashika pembe mbili, mimi mbili, tukaikunja. Yeye hajui kukunja, kuku wakabaki nje. Nilitaka kuifungua tuanze upya, halafu nikaiacha. Nikaibeba hivyohivyo hadi nyumbani, na kila nilipongoja robot, taa ya barabarani, iwake kijani, niligeuka kuangalia nani yuko nyuma yangu.