Noeli Tuliyoimba Kando ya Mto

Noeli kwetu Masisi ilianzia puani. Siku chache kabla yake wanawake walishuka bondeni kukata nyasi changa, wakazibeba vichwani zikiwa bado zinachuruzika maji, na kuzitandaza ndani ya kapela yetu ya udongo, kwa sababu viti vilikuwa vichache na watoto wote tulikaa chini. Harufu ya nyasi hizo ilichanganyika na moshi wa mekoni uliokaa kwenye nguo za watu, na ubichi wa majani ya mikalitusi yaliyofungwa mlangoni, na mimi nikajikuta naimba kabla mtu yeyote hajaanzisha wimbo. Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala, baba zetu wakiitwa kwa zamu kwenda kulima barabara. Nilikuwa msichana mdogo, kitinda mimba wa nyumba yetu, na katika mwaka mzima sikuwa na kitu nilichokingojea kama nyimbo za Noeli.

Tulikuwa nazo kadhaa. Wimbo wa wachungaji ulikwenda polepole, kama watu wanaopanda mlima na mizigo, na wazee waliupenda kwa sababu uliwapa nafasi ya kupumua. Wimbo wa mamajusi ulikuwa na ngoma, na wavulana waliungoja kwa kuwa hapo waliruhusiwa kukanyaga chini kwa nguvu bila kukemewa. Lakini ule ambao kapela nzima iliungoja ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Uliimbwa kwa Kihunde, lugha yetu. Aliutunga mama mmoja wa kilima chetu ambaye alikufa kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kuuandika. Ndani yake Mariamu anamwambia mwanawe asiogope baridi, kwamba watu wameshakwenda kutafuta kuni, kwamba moto hauko mbali. Ni hayo tu. Wanawake walioimba mwaka mzima bila kutikisika walianza kujifuta macho ulipofika ubeti wa kuni.

Wimbo huo uliimbwa na nyumba yetu. Papa, baba yangu, alishika sauti ya chini kabisa, sauti iliyofanya nyasi nilizokalia zitetemeke, au ndivyo nilivyoamini. Mama na dada yangu Debora waliimba sauti ya kwanza, ile ya juu inayobeba wimbo wenyewe. Mimi nilipewa sauti ya pili, inayotembea chini ya ile ya kwanza. Debora ndiye aliyenifundisha, tukiwa tunachambua maharagi uani. Nilipovutwa na sauti yake na kuanza kuimba kama yeye, alinigonga kidogo gotini kwa kidole na kusema, "Rudi kwako." Basi nikarudi kwangu, mpaka ikawa siwezi tena kuuimba kwa namna nyingine.

Debora aliolewa na Yakobo, kijana wa Buleusa, upande wa Walikale, ambaye alikuwa akija kwenye soko letu na mawese na nyama ya kukausha. Alikuwa mtu mpole, mkulima na mwindaji, na Papa alimpenda kwa sababu hakusema mengi. Huko kwao ni mbali na kwetu. Mtu analala njiani, anapita msitu, kisha anaufikia mto mkubwa ambao sisi tuliuita Mto tu, kwa kuwa mingine yote tuliivuka kwa miguu. Juu yake palikuwa na kilalo, daraja la kamba za porini zilizosukwa, lililoyumba ukilikanyaga. Kila Noeli Debora alilivuka na kuja kwetu na kibuyu cha mawese mgongoni. Hakuwa hata ameshusha mzigo, tayari alikuwa amemwomba Mama ampe mwanzo wa wimbo, waone kama bado unakaa.

Mwaka ninaouzungumzia, wanaume waliopita na mizigo ya mawese walituletea habari kwamba Debora amejifungua. Walikuwa na haraka, wala hawakujua zaidi. Mama aliwauliza kama ni mwanaume au mwanamke, wakatazamana, wakacheka kwa aibu, wakaenda. Basi Mama alianza kufuma kofia ya sufu, kofia ndogo ya rangi ya njano, na kila jioni aliishika kwenye ngumi yake akikisia kichwa ambacho hajakiona. Alisema atajua mengine Noeli ikifika.

Kisha mvua ikanyesha kama haijui kuacha. Vilima vilimomonyoka, mashamba ya maharagi yakateremka na udongo wake, na siku chache kabla ya Noeli tukasikia kwamba Mto umebeba kilalo. Papa akasema hakuna la kufanya. Wanaume watakisuka upya maji yakipungua. Mama alikuwa tayari anafunga viazi vitamu katika majani ya mgomba.

"Debora hajui kama kilalo ilianguka," alisema. "Atafika pale na mutoto."

"Tukienda tutafanya nini? Maji haisikiake muntu."

"Nitamuona tu. Hata kwa macho."

Tukaenda watatu. Tulilala kwa ndugu wa Papa njiani, na asubuhi ya mkesha wa Noeli tukaufikia Mto. Nilikuwa nimeuona mara nyingi, lakini sikuujua siku hiyo. Ulikuwa mwekundu kama ndani ya udongo, mpana kuliko nilivyoukumbuka, na ulipitisha miti mizima ambayo mizizi yake iligeuka juu na chini kama mikono. Kelele yake ilikuwa kubwa hivi kwamba Papa alipoongea niliona mdomo tu. Kwenye ukingo wetu zilibaki kamba chache zimefungwa kwenye mti, ncha zake zikipigapiga majini. Mtu wa mtumbwi aliyeishi karibu hapo alikuwa ameupandisha mtumbwi wake mpaka nyuma ya nyumba, na Papa alipomwendea alitikisa kichwa hata kabla ya kuulizwa.

Jua lilipokuwa juu, watu wawili walitokea ng'ambo. Nilimtambua Debora kwa jinsi alivyosimama ghafla. Yakobo alitua mzigo, akaufuata ukingo juu na chini akitafuta mahali. Baadaye alijifunga kamba kiunoni, akaifunga ncha ya pili kwenye mti, akaingia majini. Yalimfika kifuani kabla hajapiga hatua nyingi, yakamlaza, na Debora, mtoto akiwa mgongoni, akaivuta kamba kwa mikono miwili mpaka akamrudisha. Sisi tulisimama tukitazama. Papa alikuwa ameinua mikono yote miwili, akiwafanyia ishara waache. Sidhani walimwona.

Mama alianza kupiga kelele. "Ni mwanaume ao mwanamuke? Debora, ni mwanaume ao mwanamuke?" Mimi niliyekuwa kando yake nilimsikia kwa shida. Debora aliweka mkono sikioni, kisha akaongea yeye, kwa muda mrefu, akitumia mikono, na sisi tukaweka mikono masikioni. Ilikuwa kama kutazama watu kupitia moshi. Mwishowe alimfungua mtoto mgongoni na kumwinua juu kwa mikono miwili. Tuliona kitambaa cheupe, na kitu kidogo cheusi juu yake ambacho kilikuwa kichwa. Mama alisema, "Kana nywele." Hakuweza kuwa ameziona, lakini alisema.

Ndipo akaitoa kofia ya njano. Papa aliipokea, akaweka jiwe ndani yake, akaifunga vizuri kwa kamba ya mgomba, akarudi nyuma na kukimbia na kurusha. Papa alikuwa na mkono wenye nguvu. Alijulikana kwa hilo. Kofia iliruka juu ya maji, ikapita katikati, na kwa muda mfupi niliamini kwamba itafika. Ilianguka karibu na upande wao, Yakobo akajirusha kwenye matope kuikamata, maji yakaichukua. Papa aliuangalia mkono wake. Mama alikishika kitenge chake kifuani.

Tungeweza kuondoka hapo. Lakini niliona Debora amemrudisha mtoto kifuani na ameanza kuyumba, mguu huu, mguu ule, na kwa mwendo ule nikajua ni wimbo gani kabla sijafikiri. Mama alijua pia. Papa alisogea mbele kabisa ya ukingo, mahali pa kuonekana, akainua mkono na kuanza kuhesabu mapigo hewani, kwa upana, kama mtu anayekata majani. Tukaimba. Sikuisikia sauti ya Papa, bali niliona mshipa wa shingo yake. Sauti ya Mama niliipata kwa sababu nilikuwa nimemshika kiunoni na mgongo wake ulitetemeka viganjani mwangu. Ya Debora haikutufikia hata kidogo. Ila pale ambapo sauti ya kwanza hupanda, kwenye ubeti wa kuni, aliinua kidevu kama alivyofanya siku zote, na nikaona kwamba tuko pamoja, hakuna aliyetangulia. Tuliimba beti zote. Tulipomaliza tulianza tena, kwa kuwa hatukujua lingine la kufanya.

Mvua ilirudi mchana. Yakobo alimvika Debora jani la mgomba kichwani, akamshika bega. Alinyosha kidole kwa mtoto, kisha kwa mawingu. Debora aliondoka akitembea kinyumenyume mpaka msitu ukamfunika, na Mama alibaki amesimama mpaka Papa alipomwambia kwamba mimi natetemeka kwa baridi.

Kilalo kilikuwa bado hakijasukwa mmoja wa wale watu wa mawese alipopita tena kwetu. Safari hii alikuwa amezunguka mbali sana, akavukia mahali penye maji madogo. Alikaa uani, akakataa chakula, na Mama akajua.

"Mutoto hayuko tena, Mama," alisema. "Kifua njo ilimushika. Haikukawia."

Mama alikuwa anamenya viazi. Aliendelea kumenya kimoja mpaka mwisho. "Alikuwa mwanaume ao mwanamuke?"

"Mwanamuke." Yule mtu aliangalia chini. "Debora alimupatia jina yako."

Noeli iliyofuata Debora alikuja, juu ya kilalo kipya, amekonda, na kibuyu chake mgongoni. Hakuomba mwanzo wa wimbo, wala Mama hakumpa. Kapelani nyasi zilitandazwa, wachungaji wakaimbwa, mamajusi wakaimbwa, wavulana wakakanyaga chini. Kisha kiongozi wa nyimbo akageuka kutuangalia, kwa mazoea tu, bila ubaya wowote. Papa alianza, maana yeye ndiye aliyeanza siku zote. Mimi nikaingia mahali pangu. Mama na Debora walifungua midomo, na hakuna kilichotoka. Nilingoja wapande, hawakupanda. Papa hakujua namna ya kuacha, na mimi nilimfuata, hivyo tukaupeleka wimbo mpaka mwisho kwa sauti mbili za chini, sauti zilizotengenezwa ili zikae chini ya kitu. Kapela ilikuwa imejaa wanawake walioijua sauti ya kwanza. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kuichukua. Kiongozi hakutuomba tena wimbo huo mwaka uliofuata, wala mwingine.

Sasa naishi Goma kwa binti yangu. Wajukuu wangu wanaanza nyimbo za Noeli tangu Novemba, katika simu zao, kwa Kifaransa na Kilingala na lugha nisizozijua, zikiwa safi hivi kwamba unasikia mwimbaji akivuta pumzi. Sizidharau. Zimewafikia kutoka ng'ambo ya bahari, na mto haukuzizuia. Zinanifurahisha, nyingine naziomba zirudiwe. Lakini mjukuu mmoja, ambaye anaimba kwaya, alinisumbua nimfundishe wimbo wa Noeli wa kwetu, ule wa zamani, baada ya kuutafuta kwenye simu yake na kuukosa. Nilikaa naye jikoni mchana kutwa. Maneno nilikuwa nayo yote. Ila kila nilipoitafuta sauti ya kwanza, nilipanda kidogo, kisha nikateleza nikarudi kwangu. Nilijaribu tena na tena. Naisikia kichwani, ya Mama na ya Debora, wazi kabisa, na mdomo wangu unaikataa. Wa kuniimbia hawakubaki.

Yule mtoto alinisikiliza kwa heshima, ameinamisha kichwa.

"Koko," alisema mwishowe, "mbona unaimba kama vile kuko muntu mwingine mwenye kuimba na weye?"

Nilimwambia kwamba tulikuwa wanne, na kwamba hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yangu.