Kanga Jukwaani Hatta

Nikinusa gundi tu, basi narudi Hatta, mji mdogo wa milimani ulio mbali na maghorofa ya Dubai. Sisi wacheza ngoma ya Kiayalandi tulijipaka gundi miguuni, usicheke, ili soksi nyeupe zisiteremke. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Mwafrika peke yangu kikundini, na kichwani nilivaa wigi la mawimbi lililoniwasha kama upupu.

Lilikuwa tamasha la Ijumaa na Jumamosi: fidla, filimbi, keki za zabibu kavu, Wazungu waliobabuka kwa jua wakipiga makofi. Mwalimu wetu alitufunza kucheza kwa miguu tu. Mikono ibanwe ubavuni, uso uwe mkavu. Mama, mwanamke wa Tanga aliyekulia kwenye ngoma za harusi, aliwahi kunikuta nikifanya mazoezi jikoni. "Mwanangu, ngoma gani hii ya kusimama kama unapimwa nguo?" Nilinuna siku nzima.

Nilimwambia asije Hatta. Akaja. Alibadilisha mabasi matatu kutoka kwetu Dubai Investments Park, amevaa dera lake la sikukuu, na tulipoanza tu kucheza nikasikia vigelegele. Nikatamani ardhi inimeze. Mara yuko jukwaani, anakuja kwa madaha, akanitupia kanga mpya mabegani. Kwetu ndivyo mchezaji hodari anavyotuzwa. Hapakuwa na heshima kubwa zaidi ambayo angeweza kunipa mbele za watu. Mimi nikatikisa mabega. Kanga ikaanguka, mwenzangu akaikanyaga, akateleza, na muziki ukakatika.

Mwalimu akamwita mlinzi, kijana wa Kenya. Alimshika Mama mkono kwa adabu, kisha akanigeukia mimi. "Niambie mtoi, huyu ni mum wako?"

Wenzangu wote walikuwa wananitazama. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba sielewi anasema lugha gani.

Mama akainama, akaokota kanga yake, akaikung'uta. "Samahani, baba," akamwambia mlinzi. "Nimemfananisha. Wangu hakuja leo."

Jioni nyumbani alinipakulia wali kama kawaida, wala hakulitaja jambo lile. Nikashukuru kwamba yamekwisha. Niliamini kabisa kwamba mwenye aibu alikuwa yeye, na kwamba sasa amejifunza. Ilinichukua miaka, hadi nilipopata binti yangu mwenyewe, kuelewa kwamba alinisikia vizuri, akaona nimefanya jambo baya mbele za watu, akakubali kutonizaa kwa dakika ile ili lisionekane.

Nilimpigia Mama simu Tanga, alikokwisha kurudi, nimwombe radhi. Akasema hakumbuki kufika Hatta hata siku moja. Mama yangu hasahau kitu. Bado alikuwa ananisitiri, nami nikabaki na simu sikioni, nalia.