Mwezi wa Baa ya Otylia

Zenon Gawlik alikuwa na desturi ya kulaza shavu juu ya kioo cha mashine kabla hajafungua hata skrubu moja. Wasiomjua walidhani anasikiliza. Hakuwa akisikiliza chochote. Alikuwa akinusa, maana mashine ya mchezo wa gololi iliyokaa baa karibu miaka thelathini hunukia bia, nta, vumbi lililoungua na sigara za watu waliokwisha kuzikwa, na harufu hiyo ilimrudisha kiwandani. Huko alikaa miaka ishirini na miwili akiziunganisha mashine hizohizo, hapahapa Chicago, tangu akiwa kijana wa nywele nyingi hadi siku mageti yalipofungwa.

"Ukimaliza kuibusu, uanze kazi," alisema Bi Otylia, mwenye baa, akikoroga supu yake ya bitiruti nyuma ya kaunta.

"Huo wivu, Otylia."

"Wivu wa nini? Marehemu mume wangu naye alijua kubusu tu. Kutengeneza, hata bawaba ya mlango hakutengeneza."

Leszek, dereva wa basi mstaafu, ambaye ndiye aliyekuwa mteja pekee mchana ule, alicheka nyuma ya gazeti lake. Nje theluji ilikuwa ikianguka polepole, na mwanga uliopita dirishani ulikuwa wa kijivu, mwanga wa kulalia.

Mashine iliitwa Usiku wa Ziwani. Kwenye kioo chake cha wima palichorwa binti akipiga makasia, na kwenye ubao gololi inapokimbia palikuwa na nyota nne na mwezi mmoja wa plastiki ya manjano, usiozidi kifuniko cha chupa. Gololi ya chuma ikizigonga nyota zote nne, taa iliyo chini ya mwezi huwaka, na hapo kila pointi inakuwa kumi. Wiki tatu sasa nyota ziligongwa na mwezi ukakaa giza. Wateja walikuwa wameanza kuipa mashine mgongo, na Otylia akapiga simu.

Kwa Otylia ilikuwa taa tu. Kwa Zenon ilikuwa jambo jingine kabisa. Kabla ya Krismasi mkewe Bronia alimkuta akipapasa meza nzima kutafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya pua yake. Bronia hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Zenon kuliko kelele. Alisema, "Taa moja ikikushinda, Zenek, moja tu, vifaa unaweka chini na funguo za gari unanipa mimi." Naye akakubali papo hapo, wakapeana mikono kama wauza ng'ombe. Alikubali kwa sababu alikuwa hajawahi kushindwa na taa maishani. Ambacho hakumwambia Bronia ni maneno ya daktari wa macho: kwamba katikati ya kila jicho kuna doa, na kwamba doa hilo halirudi nyuma.

Basi akaanza. Alitoa kioo, akabadilisha globu, akazibonyeza nyota nne kwa kidole. Mwezi giza. Akauinua ubao mzima na kuuegemeza, tumbo la mashine likawa wazi, na hapo moyo wake ukatulia. Maelfu ya waya, zimefungwa mafungu mafungu kwa uzi wa nta. Kiwandani waya zilifungwa na akina mama, na kila mama alikuwa na fundo lake. Bosi hakuhitaji daftari. Akipapasa fundo alijua kazi ni ya nani. Zenon naye alipapasa. Fundo lilikuwa na mikunjo miwili na mkia mfupi.

"Leona," alinong'ona.

Leona Pytel alikaa benchi la pili kutoka lake miaka yote ile, akiimba kwa sauti mbaya na kugawa maandazi ya jemu kila Alhamisi ya kabla ya Kwaresima. Zenon alimpenda mwaka mzima bila kumwambia, kisha akampenda Bronia na kumwambia, mambo yakaisha. Leona alikuwa marehemu mwaka wa sita sasa. Lakini vidole vya Zenon vilipofuata uzi ule alimwona waziwazi: kitambaa cha bluu kichwani, sindano ya mbao mdomoni. Macho ya ndani hayakuwa na doa.

Waya ya mwezi ilipaswa kuwa ya manjano yenye mstari mwekundu. Alizitazama waya mbili na zote zikamwonyesha rangi ya maji ya kuoshea vyombo.

"Leszek," akaita, "wewe miaka thelathini umeendesha basi. Rangi nyekundu unaijua kweli, au ulikuwa unabahatisha?"

"Njoo unitahini."

"Haya, ipi hapa yenye mstari mwekundu?"

Leszek aliinuka, akachungulia, akaonyesha. "Hii. Mtihani gani huo, wa chekechea?"

"Umefaulu. Rudi ukakae."

Kila kitu kilikuwa kizima. Aliwasha globu kwa betri yake ya mfukoni, akaigusa: ilipata joto. Waya nzima. Holda inayoshika globu, safi. Ilibaki swichi, ile yenye ncha mbili nyembamba zinazobusiana nyota zikikamilika. Ncha hizo zikishika uchafu, hazisuguliwi kwa tupa. Kutumia tupa ni kosa la wanafunzi. Hupitishwa kipande cha karatasi ngumu katikati, taratibu, mara mbili. Wengine hutumia kadi za biashara. Zenon na wenzake wa kiwandani walitumia kadi za marehemu, zile anazopewa kila aendaye mazishini, Bikira Maria upande mmoja na jina upande wa pili. Padri aliwahi kuwakemea. Wakamjibu kwamba hakuna karatasi nyingine yenye ugumu ule, na zaidi ya hapo, marehemu wenyewe wangependa kuendelea na kazi.

Alitoa bunda lake la kadi mfukoni, akalipekua kwa ncha ya dole gumba hadi akapata ile yenye kona iliyokunjika. Ya Leona. Akaipitisha kati ya ncha, mara mbili, kwenye mashine aliyoifunga Leona mwenyewe. Furaha ilimjaa kifuani hata akaona haya.

Akaushusha ubao. Akabonyeza nyota: moja, mbili, tatu, nne. Akainama, akaukazia mwezi macho yote mawili.

Giza.

Akauinua tena ubao, akagusa globu. Baridi. Hilo halikumshangaza, kwani mashine za aina hii ukizitikisa, hata kwa kuinua ubao tu, hudhani unaziibia mchezo, huzima taa za mchezo zote. Akakaza skrubu, akalehemu upya kiungo ambacho hakikuwa na kosa, akaungua kidole. Akashusha. Nyota nne. Akatazama. Giza. Akainua tena. Sasa alikuwa kama mtu anayetembea usingizini ndani ya nyumba yake. Kila mlango anaujua na hakuna unaofunguka. Theluji ilianguka, supu ilichemka, gazeti la Leszek lilifunuliwa ukurasa baada ya ukurasa. Wale wawili walinyamaza kimya. Watu wa mtaa ule walilelewa hivyo, fundi akiwa ndani ya kazi huwa hasemeshwi, hata kama unaona anafanya usichokielewa.

Saa nzima ilipita hivyo. Mara ya nne aliposhusha ubao na kubonyeza nyota, alisimama akiutazama mwezi kwa muda mrefu mno. Kisha akaanza kuvirudisha vifaa mkobani, kimoja kimoja.

"Otylia," alisema, mgongo ukiwa kwake. "Imenishinda."

"Nini imekushinda?"

"Taa."

"Taa ipi tena? Zenek, acha mizaha. Si hiyo inawaka?"

Aligeuka kuona kama Otylia anamcheza shere. Akauelekeza uso wake wote kwa Otylia, kwa aproni yake yenye madoa mekundu ya bitiruti, na hapo, pembeni kabisa mwa jicho la kushoto, akauona. Mwezi mdogo wa manjano, mtulivu, unang'aa juu ya ziwa la rangi.

Akarudisha macho kwenye mwezi haraka. Ukazimika, umemezwa na doa. Akamtazama Otylia. Ukawaka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipopitisha kadi yako. Kila ukishusha ubao unawaka. Nikajua unatafuta kitu kingine. Wewe fundi, mimi mpika supu, nikuulize nini?"

"Mimi nilidhani unatuongezea madoido," alisema Leszek, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kuishiwa na mzaha. Alikuwa ameliweka gazeti chini.

Zenon aliketi kwenye kiti kirefu cha kaunta. Otylia alimtazama, akamwekea bakuli la supu bila kuulizwa. Zenon alisikia huzuni, na ndani ya huzuni akasikia fahari, na hakujua amfukuze nani kati ya hao wawili. Kazi ya Leona ilikuwa safi. Na yake pia ilikuwa safi.

"Nipe simu."

Bronia alipokea haraka, kama aliyekuwa amekaa pembeni ya simu tangu asubuhi.

"Ee, Zenek? Imekushinda?"

"Hapana. Inawaka."

"Haya, si vizuri? Rudi basi, barabara zinaharibika."

Alizitoa funguo za gari mfukoni, akaziweka kwenye kaunta kando ya bakuli. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, kwenye theluji, ili mwezi ubaki ukiwaka pembeni.

"Bronia," alisema, "njoo unichukue."