Mama Mkwe Safu ya Mbele

Cheo changu ni Mshauri Mwandamizi wa Sera za Utendaji. Nikikitaja nyumbani kwetu karibu na Keumbu, huko Kisii, lazima mmoja aulize kama hiyo ni ile kazi ya kupima mashamba. Mama yangu aliacha zamani kujaribu kueleza. Kanisani huwaambia wenzake kwamba mwanawe anashauri serikali, nao humtazama kwa huruma, maana barabara ya kwetu wanaijua na wanaona wazi kwamba ushauri bado haujafika.

Nilipokwenda kuoa upande wa Nyansiongo, wazee wa huko walitaka kujua kijana anafanya nini. Mjomba wangu, aliyekuwa msemaji wetu, alifikiri sana, akasema, "Anaandika jinsi kazi inafaa kufanywa."

"Na nani anaifanya?" mzee mmoja akauliza.

"Wengine."

Nasikia hapo ndipo ng'ombe mmoja alipoongezwa kwenye mahari.

Mimi naipenda kazi yangu, wacheke wasicheke. Kazi yenyewe ni kuchukua jambo ambalo kila mtu analielewa na kuliandika vizuri mpaka lihitaji mkutano. Nimeandika sera ya magari ya ofisi, nimeandika sera ya matangi ya maji, na siku moja, nikiwa na hasira, nikaandika mwongozo wa mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi. Nilikuwa nimechoka kuona wakubwa wakisimama mbele ya wakulima wa chai na kuwasomea Kiingereza kana kwamba wanawasomea hukumu. Kwa hivyo nikaandika kwamba aliyetunga sera ndiye atakayeieleza, si mwingine. Ataieleza kwa lugha ya wenyeji. Na kila kitu kitaitwa kwa jina lake, bila kuzungukazunguka. Bosi wangu alinisifu, nami nikabandika nakala ukutani juu ya meza yangu.

Kisha ikaja sera ya vyoo vya masoko.

Jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kulikuwa na soko moja upande huo wa Nyansiongo ambalo halikuwa na choo hata kimoja. Wanaume walikuwa na ukuta wa nyuma wa ghala la mahindi, na ukuta huo ulikuwa umeshabadilika rangi. Wanawake, ambao ndio wengi, wanaokaa pale tangu alfajiri hadi jioni wakiuza ndizi na mboga na maziwa, hawakuwa na mahali popote. Sera ikipita, soko hilo lingejengewa choo kabla ya mengine yote. Lakini isingepita bila maoni ya wananchi kutolewa na kuandikwa. Yakikosekana, ingerudi kabatini kungoja mwaka mwingine wa fedha, nyuma ya sera ya mabango ya kukaribisha wageni. Mabango yalikuwa na watetezi wengi sana ofisini. Vyoo vilikuwa na mimi.

Na mimi nilikuwa na shida moja. Mama mkwe wangu anauza ndizi katika soko hilo.

Kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Ni heshima na haya pamoja, kati ya mtu na wazazi wake, na zaidi kati ya mtu na wakwe zake. Mbele ya mama mkwe sipaswi kuwa na mwili. Sina tumbo, sina kibofu, hata mgongo hauniumi. Mimi ni suti na salamu, tena salamu ya mbali, bila kushikana mikono. Nikienda kwao naketi sebuleni na mashemeji huniletea chai, naye yuko jikoni, na habari zangu anazipata kupitia kwa binti yake. Tumeishi hivyo vizuri kabisa, na nampenda yule mama kwa dhati, japo sijawahi kumtazama usoni kwa muda wa kutosha kujua ana macho ya aina gani.

Siku za soko mke wangu hupenda tupite kumsalimia. Mimi husimama kule kwa muuza vitunguu, hatua za heshima, na kumwagizia mama mkwe chai kutoka kibandani. Yeye hushukuru kupitia kwa mke wangu, kisha hukisukuma kikombe pembeni na kukiacha kipoe. Hakuwahi kunywa hata mara moja. Mimi nilijua ni chinsoni, kwamba mama wa heshima zake hawezi kunywa chai mkwe akitazama, na nilijivunia sana. Niliwahi hata kuwasimulia wadogo zangu kama mfano wa mtu aliyelelewa zamani, watu walipokuwa watu.

Basi, mkutano wa vyoo ulipopangwa, nilimuuliza mke wangu kijanja mama atakuwa wapi siku hiyo. Akasema atakuwa anachuma chai. Nililala usingizi mzuri. Asubuhi nikavaa tai, nikaenda, nikainama kuingia chini ya hema, na nilipoinua kichwa, mama mkwe alikuwa safu ya mbele, katikati, amefunga kitambaa kijani cha kanisani, mkoba mapajani, kazungukwa na wenzake wote wa soko.

Nilimwendea msimamizi wa wadi, aliyekuwa mwenyekiti wa mkutano. Ni mzee wa kanisa, mnene, mpole, na hajawahi kuvunja kanuni yoyote maishani mwake.

"Bwana msimamizi," nikamnong'oneza, "yule wa kitambaa cha kijani ni mama mkwe wangu."

"Najua. Hapa kila mtu anajua."

"Basi nisaidie. Wewe ndiye uieleze hii sera."

Alifungua mkoba wake bila haraka na kutoa mwongozo wangu, umepigiwa mistari kwa kalamu nyekundu. "Inasema aliyeandika ndiye ataeleza. Hii si ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Iko sawa sana," akasema kwa moyo mweupe. "Hii tunafuata."

Bado nilikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa Kiswahili. Kwetu Kiswahili ni cha shule na ofisi, na maneno ya haya yakisemwa kwa Kiswahili hayachomi. Choo kwa Kiswahili ni jengo tu, lina matofali na mabati. Kwa Kigusii chetu ni habari ya mwili wa mtu fulani, na watu wote huanza kumfikiria. Nikakusudia kukimbia na Kiswahili mpaka mwisho bila kupumua. Sala ilipokwisha nikasimama, nikasema, "Wananchi wapenzi, nimekuja kuhusu miundombinu ya soko letu."

Mzee mmoja akainua mkono. "Msimamizi, ile karatasi walibandika kwa duka inasema tutaelezwa na lugha ya wenyeji. Na wenyeji si ni sisi?"

Wakampigia makofi. Msimamizi akanitazama na kuonyesha mstari mmoja mwekundu.

Nikahamia Kigusii. "Kuna mahali," nikasema, "ambapo mtu akiwa sokoni huenda."

"Wapi?" akauliza mama mmoja wa nyanya.

"Huko."

"Huko ni Kisii ama ni Sotik?"

Hema lilicheka. Nikajua kwamba wote wanaelewa, hadi wale wa nyuma waliokuja kwa ajili ya soda, na kwamba hakuna hata mmoja anayenionea huruma. Mkwe akija kwenu amevaa tai na ameshikilia makaratasi, hiyo ni nafasi usiyoiacha.

"Akienda huko anafanya nini?" mwingine akauliza, sauti tamu kama anauliza habari za watoto.

"Anakwenda," nikasema, "halafu anarudi."

"Akirudi ako namna gani?"

"Ako sawa."

Wanawake walikuwa wamejifunika nyuso kwa leso, mabega yakitikisika. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama chini, na mimi nilikuwa natazama paa la hema. Hapo nikakumbuka mchoro wa mhandisi. Ulikuwa mkubwa, umebandikwa kwenye kadibodi, na unaonyesha milango, mabomba na kila kitu. Nikauinua ili wajionee wenyewe. Ukanifunika kuanzia kichwani hadi tumboni. Niliona afadhali sana, nikabaki huko nyuma, nikaendelea kuhutubia kadibodi.

"Kama mnavyoona," nikasema, "kutakuwa na upande wa kina mama na upande wa wanaume."

"Upande wa nini?"

"Wa hii."

Msimamizi akakohoa. "Mshauri, mimi nina shida. Mwongozo unasema kila kitu kiitwe kwa jina lake. Kama haujataja, katibu hawezi kuandika wananchi wameelezwa. Na kama hawajaelezwa, hakuna maoni. Itabidi mkutano tufunge, hii maneno irudi ofisi."

Kicheko kikafa. Nikaisikia sera yangu ikirudi kabatini nyuma ya mabango. Nilifungua mdomo. Naapa nilijaribu. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likamwona yule mama upande wa pili wa kadibodi, likarudi. Nilimkasirikia sana aliyeandika ule mwongozo, mtu wa maneno mengi asiyekuwa na wakwe kichwani. Jasho lilinitiririka mgongoni, na mchoro ukazidi kuwa mzito.

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa safu ya mbele.

"Msimamizi," sauti ikasema. Niliijua sauti ile kwa kuisikia kutoka jikoni. Nilichungulia pembeni mwa kadibodi. Mama mkwe alikuwa amesimama na kunipa mgongo kabisa, uso ameuelekeza kwa watu. "Mimi sizungumzi na mtu wa serikali. Nazungumza na wewe."

"Sema, mama."

"Kuna mtu hapa ameshindwa kusema kwa sababu amelelewa vizuri. Sitamtaja. Anachotaka kusema ni choo. Katibu, andika choo."

Katibu akaandika.

"Mimi nimeuza ndizi hapa tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi. Siku ya soko sinywi chai asubuhi. Maji sinywi mchana, hata jua likiwaka namna gani. Nikifika nyumbani jioni kichwa kinanigonga, nalala. Hawa wote ni hivyo hivyo, waulize." Akahamisha mkoba mkono wa pili. "Kuna mtu huniagizia chai hapo kibandani. Ni mtu mzuri, na chai ni nzuri, ina maziwa ya kutosha. Naisikia harufu yake mpaka inapoa. Naisukuma kando, kwa sababu nikiinywa nitaenda wapi? Yeye nadhani huona nina heshima sana."

Hakuna aliyecheka.

"Heshima ninayo," akasema mama mkwe. "Lakini kiu nayo ninayo. Hayo ndiyo maoni yangu." Akaketi, akaweka mkoba mapajani.

Niliumia. Vikombe vyote vile vilipita mbele ya macho yangu, vikipoa kimoja kimoja, na mimi nimesimama kule kwa vitunguu nikijivunia. Nilishukuru kwamba mchoro ulikuwa mkubwa, kwa kuwa machozi nayo ni mambo ya mwili, na mimi mbele yake sina mwili.

Baada ya hapo maoni yalimiminika hadi katibu akaomba kalamu nyingine. Milango isitazame barabara. Makomeo yawe ya ndani, ya chuma, si ya kamba. Maji yasiwe ya kuahidiwa. Yule mzee wa lugha ya wenyeji alitaka ukuta wa ghala upakwe rangi, na alipoulizwa kwa nini ana uchungu nao namna hiyo, akaketi. Mama wa nyanya alisema maoni yake ni kwamba mkwe wao ateremshe hiyo kadibodi, mikono itamkauka. Hayo pia yaliandikwa, na yako kwenye kumbukumbu za mkutano hadi leo.

Sera ilipita. Ofisini nikaufungua tena mwongozo wangu na kuongeza kifungu kidogo: mtunzi wa sera anaweza kumwachia mwenzake aieleze, endapo ana mkwe mkutanoni. Bosi wangu, ambaye si mtu wa kwetu, aliniuliza kama hilo ni suala la sheria. Nikamwambia ni suala la utendaji. Akatia sahihi.

Choo kikajengwa. Siku ya kukifungua palikuwa na jiwe lililochongwa huko Tabaka kwa mafundi wa mawe, jeupe, zuri, lenye majina ya watu ambao sikuwaona chini ya lile hema. Sikuhudhuria. Mkwe huendaje kukata utepe wa mlango ule?

Nilipita siku ya soko iliyofuata, pamoja na mke wangu, kama kawaida. Nikasimama mahali pangu kwa muuza vitunguu. Kama kawaida nikaagiza chai, na mwenye kibanda akaipeleka. Mama mkwe akakipokea kikombe. Akainuka kidogo, akakigeuza kigoda chake mpaka akanipa mgongo, akaketi tena. Niliona kitambaa chake cha kichwani kikiinama nyuma polepole, kikakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha mkono ukatokea pembeni, umeshika kikombe kitupu, na mwenye kibanda akaja na birika akakijaza.

Nikangoja. Mkono ukatokea tena.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "mbona umesimama hapo unatazama mgongo wa mama?"

"Niache kidogo," nikamwambia. "Niko kazini."