Siku Niliyombeba Nyamizi

Ukumbi ule ulinuka tumbaku hata baada ya miaka mingi ya kukaa bila tumbaku. Zamani ulikuwa ghala, karibu na reli, kabla Mwalimu Kulwa hajaupanga na kuuwekea jukwaa la mbao lisilofikia upana wa sebule yetu. Kiangazi kile nilikuwa darasa la sita, na harufu ile niliibeba kwenye nywele mpaka nyumbani, bibi akanusa na kukunja uso. Bibi hakuchoka kusema "sisi waungwana", ingawa mama yake mzazi alikuwa Mnyamwezi wa Ipole. Hilo nyumbani halikutajwa.

Mwalimu Kulwa alitunga mchezo wa misafara, ile iliyopita Tabora na pembe za ndovu na watu. Shuleni, kila mchezo wa namna hiyo ulipoigizwa, sisi wenye weupe kidogo tulikaa kwenye machela, kitanda kile cha kubebea matajiri, na weusi wakatubeba. Hakuna aliyeuliza. Mwalimu Kulwa akageuza. Nyamizi, binti wa mama aliyetufulia nguo, akawa tajiri, mimi nikawa mpagazi. Nyamizi alikuwa rafiki yangu wa uani. Tulicheza rede pamoja mpaka jua lizame, ila sebuleni hakuwahi kukanyaga. Wiki zote za mazoezi sikutulia. Nilimdanganya bibi kwamba mimi ndiye mke wa tajiri, kisha nikawa nashtuka kila akiniita.

Siku yenyewe bibi akaketi mstari wa mbele na baibui lake jipya. Nikatokea mimi, mti wa machela begani, na wenzangu watatu. Watu wakaona ni utani, wakapiga kelele, "Leo mmepatikana!" Ndipo Nyamizi, kule juu ya machela, akaacha maneno aliyofundishwa, akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti ya bibi yangu hasa, "Huyu maji apewe huko huko uani. Asinigusie vikombe vyangu!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Bibi hakucheka. Nami, Mungu anisamehe, sikuona haya kwa ajili ya vikombe. Nilimkasirikia Nyamizi kwa kutuaibisha. Nikauachia mti. Akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka.

Jumatatu mama yake hakuja kufua. Bibi alisema amemfukuza. Baadaye nilijua aliacha mwenyewe. Kwao Nyamizi, mtaa wa Ng'ambo, ni mwendo wa dakika kumi tu, na kila jioni nilijiapiza kwamba kesho nitakwenda kumwomba radhi. Sikwenda.

Siku hizi tunaambiwa mambo hayo yamekwisha. Binti yangu anakula sahani moja na watoto wa kila rangi, na ninatamani sana kuamini. Lakini mwezi uliopita nilikutana na Nyamizi sokoni, uso kwa uso, na nikaona wazi kwamba amenitambua. Tumezaliwa mwaka mmoja. Nikiwa bado natafuta pa kuanzia, akaniwahi.

"Shikamoo," akasema.

Na mimi, kabla sijafikiri, nikaitikia, "Marahaba."