Wimbo wa Kuachia Pedi

Habari ilinikuta mwaloni Musoma, nikibishana na muuza samaki juu ya sato ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupauka. Simu ikaita. Mwanafunzi wangu wa zamani wa Bunda, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, akasema bila hata kuniamkia, "Mwalimu, yule mama yetu wa banda la gemu hatunaye." Nikaondoka pale, samaki nikamwacha mezani. Jina la marehemu silitaji; ndugu zake hawajazoea mambo ya magazeti, na yeye mwenyewe angenifuata hadi nyumbani na kitu mkononi. Alikuwa mwanamke mkali. Namlilia kweli, lakini sitamsingizia upole ambao hakuwa nao.

Alizaliwa Butiama, na ujana wake aliumalizia Musoma katika kiwanda cha nguo. Ile miaka ya dhiki, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni na kupigana viwiko kwa ajili ya pea ya khanga, yeye alikuwa akifuma vitambaa ambavyo hata mwenyewe hakuvipata. Kisha ikaja ruksa ya biashara. Maduka yakajaa, mitumba ikafurika, kiwanda kikazimika kidogo kidogo na wafanyakazi wakapunguzwa. Wenzake wengi walirudi kulima. Yeye akahamia Nyasura, pale Bunda, akajenga banda la mabati, akaweka mabenchi, televisheni na mashine ya gemu iliyopitia Kenya kwa njia ambazo hatukuziuliza. Juu ya paa akafunga spika ya honi, kama zile za mikutano ya injili, ili muziki wa gemu uwaite wateja tangu sokoni.

Vijana wa leo, wenye gemu mifukoni, watanisamehe nikieleza. Wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuketi mbele ya televisheni. Redio tuliizoea, kwaya tuliizoea, na ngoma tulizaliwa nazo. Huu ulikuwa muziki mwingine kabisa, wa sauti nyembamba za umeme, hauna mwimbaji wala maneno, na ukishakuingia kichwani hautoki. Ulikuwapo wimbo wa kuanza, wa furaha tupu. Ulikuwapo wa hatari, ambao ni uleule wa kuanza ukikimbizwa kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Na ulikuwapo wimbo wa kufa: sauti chache zinashuka taratibu, kisha kimya. Watoto waliuimba huo mtu akianguka na baiskeli au akikosa penalti. Jumapili moja mpiga kinanda wa kanisani vidole vilimponyoka, akaupiga ule wa kuanza wakati wa matoleo. Nusu ya waumini walicheka, nusu nyingine wakawa wanatazamana.

Mimi niliingia humo mara ya kwanza na fimbo ya mwalimu, kuwasaka watoro. Nilitoka jioni, fimbo nimeisahau chini ya benchi. Nilikuta banda lina sheria moja tu. Wimbo wa kufa ukilia, unaachia pedi, kile kidude cha kubonyeza, na kumpa anayefuata. Hakuna kubisha wala kuomba kidogo tu. Sheria hiyo aliitoa kiwandani. Huko king'ora kikilia unaondoa mikono kwenye mashine na mwenzako wa zamu anaingia. Alisema aliwahi kumwona mwanamume aliyeng'ang'ania mashine akigombana na mwenzake, na vidole vyake vikabaki ndani ya nyuzi. Kwa hiyo pale bandani, ukichelewa, ulipigwa kwenye vifundo vya vidole kwa kipande cha mti alichotoka nacho kiwandani. "Achia!" alifokaga, na mti ulikuwa umeshafika kabla neno halijaisha. Niliona akimpiga nacho mkulima mwenye ndevu nyeupe aliyetoka Suguti kuuza mihogo. Mzee alinyonya vidole vyake na kuachia.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuwa siku ya gulio, mchana, umeme haujakatwa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi na pedi mkononi, nimefika mbali kuliko nilivyowahi kufika, nina roho za akiba tele. Roho, ndivyo watoto walivyoziita nafasi za kuanza upya. Tukasikia yowe. "Mwizi! Mwizi wa baiskeli!" Kijana mmoja alikuja mbio kutoka sokoni akaangukia mbele ya banda, na watu wakamfikia. Sijui kama mmewahi kusikia fimbo nyingi zikimpiga mtu mmoja kwa pamoja. Mlio wake ni butu, kama wa wanawake wanaotwanga muhogo kinuni, ila hapa katikati kulikuwa na sauti ya mtu akimwita mama yake. Nilichungulia mlangoni. Kichwa chake kilikuwa kimefunguka, damu imemziba macho. Mtu alikuwa anakuja akiviringisha tairi, na mwingine amebeba dumu la mafuta ya taa. Wengi wa waliokuwa wanapiga walikuwa vijana, na nusu yao niliwajua kwa migongo, maana ni migongo niliyokuwa nikiitazama kila siku nikisubiri zamu yangu bandani.

Yule mama alitazama nje mara moja tu. Akawasha amplifaya, akazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, akanigeukia.

"Mwalimu, kufa!"

"Nini?"

"Muue huyo mtu wako! Kufa haraka, wimbo ulie!"

Nikaelewa. Wimbo wa kufa ulikuwa haulii mpaka roho zote ziishe, na mimi nilikuwa nimezikusanya kama mtu anayeweka akiba ya mahindi. Nikamtupa shimoni yule mtu mdogo wa kwenye televisheni. Akafufuka, nikamtupa tena. Nikamgonganisha na moto, nikamsimamisha mbele ya adui apigwe, na kila mara alirudi anarukaruka na wimbo wake wa furaha, na huko nje kijana alikuwa hana hata roho moja ya akiba. Vidole vyangu vikaanza kumkwepesha kwa mazoea, nikajitukana kwa sauti. "Kufa, mwalimu, kufa!" mama akawa ananipigia kelele, ameshashika komeo. Hatimaye yule mtu mdogo akafa kweli. Honi ya juu ya paa ikatoa zile sauti zinazoshuka, kwa nguvu ambayo Nyasura haikuwahi kuisikia.

Sitawaambia kwamba umati ulitubu. Niliona tu mikono ikilegea. Vijana wa bandani waliachia kabla ya kufikiri, kwa sababu vifundo vya vidole vyao vilikuwa na kumbukumbu. Fimbo moja ilianguka, kisha nyingine. Mwenye tairi alitazama juu kwenye paa, mmoja akacheka cheko la ajabu kisha akafunika mdomo. Mama alikwisha kufika katikati yao na kile kipande cha mti, akipiga vidole, "Achia! We mura, we kijana, achia!" kana kwamba wote wamechelewesha zamu. Wazee waliokuwa hawajawahi kukanyaga bandani hawakuachia. Mmoja alimshushia mama rungu kwenye kiwiko, na nilisikia mfupa ukilia. Mama akamshika kijana kwa mkono uliobaki, akamburuta hadi mlangoni, nikafunga komeo nyuma yao. Mawe yakanyesha juu ya mabati mpaka polisi walipofika. Na muda wote huo, kwa sababu hakuna aliyekumbuka mashine, wimbo wa kuanza ulijirudia na kujirudia, wa furaha tupu, na kijana akivuja damu kwenye sakafu ya udongo. Juzi mpwa wangu aliuweka kwenye simu yake uwe mlio, nikamwomba autoe.

Kiwiko hakikunyooka tena. Miaka ilipopita nilimuuliza, "Mama, hivi yule kijana aliiba kweli?"

"Sijamuulizaga," akasema.

"Hukutaka kujua?"

"Mwalimu, nikimuuliza akasema ndiyo, nifanyeje? Nimrudishe?"

Siku zile wakubwa wengi, mimi mwalimu nikiwamo, tulisema gemu zinawafundisha watoto kupigana. Labda. Lakini fimbo na tairi nchi hii ilivijua kabla ya gemu kufika. Nikikumbuka miaka ile naona kila mtu ameshika kitu na hataki kukiachia: mwenye cheo cheo chake, mwenye kiwanja kiwanja cha mwenzake, na waliobomoa kiwanda wakang'oa hata king'ora. Tulikuwa na nyimbo za kusifu na nyimbo za kuomboleza. Hatukuwa na wimbo wa kumwambia mtu kwamba zamu yake imekwisha, na akakubali. Kuna mtu, nchi nisiyoijua, aliketi akatunga sauti zile chache kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa mchezo, na hatajua maisha yake yote kwamba zilizuia tairi Bunda.

Tulimzika Butiama, kwa kaka yake. Wakati wa kufukia, makoleo yalipita mkono kwa mkono kama ilivyo desturi yetu, kila mtu anatupa udongo kidogo, anampa mwenzake. Mwanamume mmoja mwenye kovu pana kichwani hakutoa la kwake. Alichota na kuchota, shati limeloa, machozi na makamasi yanamtiririka. "Mura, leta, tukupokee," wakamwambia. Hakusikia. Kaka wa marehemu akamgusa bega, yeye akausukuma mkono huo. Watu wakaanza kunung'unika. Ndipo nyuma ya umati mtu akapiga mluzi, polepole, zile sauti zinazoshuka. Sikugeuka kutazama ni nani. Pale tulikuwa wengi tunaoujua. Mwanamume akaacha kuchota, kisha vidole vyake vikaachia. Koleo nililipokea mimi.

Wasomaji wangu, mikono mingi juu ya mtu mmoja mtaiona tena, kama si mwaka huu ni ujao, na mtaambiwa ameiba hiki, amefanya kile. Msianze kuuliza. Achieni kwanza, na mwambieni wa jirani aachie.