Plagini Niliyoiandika Peke Yangu

Katika Kalemie nzima simjui mtu mwingine anayefanya kazi yangu. Labda yupo, kajifungia chumbani kama mimi, na tunapishana sokoni bila kujuana. Ninatengeneza kurasa za masomo ya kusoma kwa shule za msingi. Wenzangu watatu wako Lubumbashi, katika biro moja, yaani ofisi, wanagombania feni na kutaniana. Mimi niko chumba cha nyuma nyumbani kwa Mama, mjane wa mfanyakazi wa reli. Niliwaambia siwezi kumwacha peke yake, wakakubali nijaribu kufanya kazi toka huku.

Kisha chombo kikanigomea. Ni programu inayotuandalia kurasa: kabla hujaanza kazi, inakusanya vifurushi vya kodi, yaani maandishi ya programu, tulivyochukua kwa watu wengine na kuvifunga pamoja, ili ukurasa ufunguke upesi. Kifurushi kimoja kilibeba hadithi za watoto katika mafaili ya aina yake, na chombo hakikujua kuyasoma. Dawa yake ni plagini, programu ndogo ya kukifundisha, wakati ule wa kufunga, kwamba faili kama hili husomwa hivi.

Mmoja wa wale watatu, mkubwa wetu wa kazi, akanipigia simu. "Kama ile kintu haitembee mpaka vendredi, kuya huku. Tutaikala pamoja mu biro, tuitengeneze. Na pengine utabakia."

Nikajibu kwa kiburi kwamba hiyo Ijumaa haitafika sijaimaliza. Jumatatu nikaandika plagini. Hadithi zikatokea, ila kila moja ilikosa mstari wake wa mwisho: mbuzi anafika kivukoni, basi. Jumanne nikaona kosa, nikalirekebisha, nikawasha upya. Mbuzi bado kivukoni. Jumatano nikaandika yote upya kwa namna nyingine, na Alhamisi kwa namna ya tatu, huku nikiitukana kompyuta kwa sauti.

Mama akachungulia mlangoni. "Uko unasema na nani, baba?"

"Na mashini, Mama."

"Inakujibu?"

"Inakatala tu."

Akanitazama kwa huruma, akaniletea chai. Sikumwambia kwamba asubuhi ile nilikuwa nimeshatia mashati mawili kwenye begi. Nilijidanganya kwamba ni tahadhari tu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naifikiria ile biro, watu wanne kwenye meza moja, sahani moja ya bukari, ugali wetu, na mtu wa kumgeukia na kusema, hebu angalia hapa. Nilikuwa na upweke hata wa kukosa mtu wa kugombana naye kuhusu kazi.

Ijumaa asubuhi nikasoma maelezo ya chombo, kitu nilichopaswa kufanya Jumanne. Kumbe kikishafunga, kinatunza lile fungu na kulitumia tena na tena. Plagini kinaitambua kwa jina lake, hakichunguzi ulichobadilisha ndani. Fungu bovu la Jumatatu ndilo nililokuwa nikiletewa siku zote. Kabrasha lake nililijua, na kulifuta tu kungetosha, lakini limo ndani ya lile kubwa la vifurushi, ambalo nililipakua kwa shida siku mbili nzima, mtandao ukikatika kila saa. Kwetu huku, ukishapakua kitu, hukifuti. Kule Lubumbashi wangelifuta siku ya kwanza bila kuwaza. Na wala hapakuwa na haja ya kupakua chochote upya: unakiamuru chombo kifunge tena, vifurushi vinabaki palepale.

Nikarudisha kodi ya Jumanne, nikatoa amri. Mbuzi akavuka, akafika nyumbani.

Ningeweza kunyamaza, waamini imenishinda. Hakuna ambaye angejua, na kesho yake ningetafuta ndege ya Lubumbashi. Ila nilimsikia Mama uani akipanga na jirani mambo ya Jumapili, na katika kila jambo alinitaja mimi. Nikaituma ile plagini.

Jibu lilifika upesi. "Bravo! Sasa hauna tena lazima ya kuya. Tumeona, unajitosha."

Nilisoma neno hilo la mwisho mara nyingi, na likaniuma kila mara.

"Wanasema nini?" Mama akauliza.

"Wanasema nibakie."

Akapiga makofi, akamshukuru Mungu, akafunga kitenge vizuri na kwenda kutafuta samaki mkubwa wa kunipongeza. Nilicheka pamoja naye, kwa kuwa furaha yake ilikuwa ya kweli. Mpaka leo sijamwambia kwamba nilitamani waseme niende.